Bomba Linalozunguka Mianzi ya Bibi

Maji ya kwetu Mafinga hufika saluni yakiwa yamechoka kuliko mimi kwenye mtihani wa fizikia. Kisima kiko bondeni, saluni ya Mama iko juu barabarani, na katikati imejaa mianzi ya Bibi, ile ya kugema pombe ya ulanzi. Bibi hakutaka mzizi hata mmoja uguswe. Basi fundi akalizungusha bomba: kushoto, kulia, kushoto tena, kila kona kaiunga kwa gundi.

Nilimwambia Bibi kuwa mwalimu wetu anasema kila kona inayanyang'anya maji nguvu.

"Huyo mwalimu wako msimu wa mvua anakunywa nini?"

Ulanzi wa Bibi huyohuyo. Mwalimu namfahamu.

Kona tungezivumilia, ila jirani ana mashine ya kupasua mbao. Likiingia gogo nene, umeme unashuka, taa zinasinzia, pampu ya kisimani inaguna, na koki ya saluni inabaki kukohoa.

Jumamosi moja bibi harusi alikuwa kwenye kiti, kichwa kizima kimepakwa dawa ya kulainisha nywele, ndoa mchana Iringa mjini. Maji ya akiba kwenye ndoo yalishamalizwa na wasimamizi wake. Taa zikafifia. Mama akafungua koki: hewa, tone, hewa.

"Mama, inaanza kuunguza," bibi harusi akalalamika.

"Vumilia kidogo, mwanangu."

"Inaunguza, Mama! Niolewe na upara?"

"Bibi ana ndoo ya ulanzi," nikasema. "Tumsuuze nao, bwana harusi atampenda mara mbili."

"Uguse uone," Bibi akajibu kutoka mlangoni.

Mama akanirushia kitana. "Kimbia kwa jirani azime!"

Nikatoka mbio, ndala moja ikabaki njiani. Jirani alikuwa ameshika gogo.

"Mjomba, zima! Bibi harusi anaungua!"

"Moto uko wapi?"

"Kichwani!"

Akazima bila kuuliza tena.

Kumbe kule nyuma Mama, kwa hasira, alishaifunga koki kwa nguvu. Umeme ukarudi, pampu ikaamka na nguvu zake zote, maji yakakosa pa kutokea. Nikiwa narudi nikasikia bomba linagonga, ngo! ngo! Kona moja ikafumuka katikati ya mianzi, maji yakaruka hadi kwenye majani ya juu.

"Mama, mlete huku!"

Wakaja mbio. Bibi harusi akapiga magoti matopeni na kanga yake, Mama akimsuuza, yeye akipiga mayowe kwa baridi. Bibi alisimama pembeni na panga.

"Magoti yako yasinivunjie machipukizi, mjukuu."

Mama akashika shungi la nywele, akalivuta taratibu. Tukakodoa macho. Halikung'oka.

Akaolewa na nywele zake zote. Fundi akarudi kuunga ile kona palepale, maana Bibi na panga lake walikuwepo. Na Mama siku hizi hachovyi brashi kwenye dawa kabla hajanituma kwa jirani nikachungulie gogo linalofuata lina unene gani.