Matope ya Bahari Ukweni Rangwe

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mke wangu Akinyi, maana yeye akisimulia huongeza chumvi: ni kweli, mwaka ule wa sitini na kitu nilimrushia mama mkwe matope ya chini ya bahari siku ya posa, mbele ya ukoo mzima.

Wakati huo nilikuwa na kazi Mombasa, kwenye meli ya watafiti waliokuwa wakishusha mabomba ya chuma mpaka sakafu ya bahari na kuyapandisha yamejaa matope, nami nayachekecha kwa maji hadi vibaki vijumba vya vidudu vya baharini, vidogo kuliko punje ya wimbi. (Msicheke, ilikuwa kazi ya mshahara na kofia.) Tatizo ni baba yake Akinyi, Mzee Ogutu, aliyetuma neno kwamba binti yake hataolewa na mwosha matope. Mwingine angenyamaza apeleke sukari. Mimi nikaomba kipande cha bomba chenye matope yaliyobaki baada ya vipimo, nikakisafirisha kwa treni na stima hadi Homa Bay, kisha Rangwe, nikiwa na hakika kwamba matope yale yatanisemea.

Tukaketi kwa Mzee Ogutu, mimi na mshenga wangu Odhiambo, majigambo yakaanza (kwetu bila pakruok, kila mtu kujisifu kwa zamu yake, sherehe haijanoga), na zamu yangu ilipofika nikaliinua bomba.

"Haya matope yana umri, na mimi naujua!"

Nikaeleza, tena vizuri, sijutii hata neno: kwamba oksijeni ya majini ni ya aina mbili, nyepesi na nzito, dunia ikipoa, nyepesi hupanda na mvuke na kuganda kuwa barafu huko mbali, bahari ikabaki na nzito zaidi, na kidudu hujenga kijumba chake kwa ile iliyopo, basi ukipima vijumba tabaka kwa tabaka unaona zamu za baridi na joto, unazilinganisha na za matope ambayo umri wake umeshajulikana, umemaliza. Nilijiona nimeshaoa.

"Jakarungu," Mzee Ogutu akaniita kwa jina la kwetu Karungu, "hizo tabaka iko wapi? Mimi naona chuma tu."

Odhiambo akanivuta shati. "Omera, ndugu yangu, kaa chini."

Nikae? Nikachukua mpini wa jembe uliokuwa ukutani, nikausukuma ndani ya bomba, matope yalikuwa yamekauka mdomoni, hayatoki, nikaegemeza tumbo, nikasukuma kwa nguvu zote, bomba likakohoa, yale teketeke ya ndani yakaruka hadi mlangoni, na mlangoni ndiyo kwanza anaingia mama yake Akinyi (ambaye kwa mila zetu hata kumtazama usoni ni haya!) na sahani ya kuku. Nusu yakatua kwa kuku, nusu kifuani pake. Akageuka akarudi jikoni, nami nikajua kitumbua changu kimeingia mchanga.

Mzee Ogutu akaitazama sahani. "Sasa tuambie, hii kuku iko na miaka ngapi?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kutoka jikoni nikamsikia Akinyi: "Baba, si ulisema yeye ni mwosha matope? Mpe maji aoshe!"

Nikaosha sahani, kizingiti, sakafu, hata kuku mwenyewe, kichwa chini, aibu imenijaa, mpaka Mzee akasema, "Kumbe kazi yake anaijua." Ndivyo nilivyopewa mke.

Lakini niliapa: ukweni ni sukari na mdomo uliofungwa. Na hadi leo nikifika Rangwe chakula hakitoki jikoni mpaka Mama aulize kutoka huko ndani, "Jakarungu amebeba nini?"