Kisanduku cha Gaudiosa

Soko huria limefanya kila mwenye matofali hapa Mikumi ajenge gesti, na fomu zao za mtandaoni zote anazitengeneza Gaudiosa, mwenye steshenari ya barabarani. Kaka yake, utingo wa malori, aliugua safarini akafia gesti ya mbali, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Ndipo Gaudiosa akatengeneza kisanduku: "Ukipatwa na jambo, tumpigie nani?" Amekihifadhi kama kiolezo, na kila fomu mpya anakiweka, uombe usiombe.

Ditram, muuza vifaranga wa kijiji jirani cha Ulaya, alikuja juu alipokiona kwenye fomu yake ya oda. "Dada, mteja wangu anataka kuku tu! Ndugu zake wananihusu nini?"

"Hukitaki? Katengeneze fomu yako mwenyewe."

Akakichukua. Wote hukichukua, nani mwingine hapa ana fomu zisizogoma?

Juzi niliomba kazi ya ulinzi kwenye gesti mpya. Nikajaza fomu dukani kwake, nikafika kwenye kisanduku kile, nikakwama. Wazazi wangu walikuja Kilosa kukata mkonge, wakafia huku. Mke sina, ndugu sina.

"Nikiruke?" nikauliza.

"Hakirukwi."

Akavuta kibodi, akaandika namba yake.