Khalidi Anamsubiri Mzee Khalidi

Khalidi Bilali, fundi makochi wa Igogo, alikuwa na kila kitu cha utu uzima isipokuwa sura. Miaka hamsini na ushee alikuwa nayo, mke alikuwa naye, na magoti yake yalilalamika kila aliposhuka kwenye mawe kutoka nyumbani kwake. Lakini Mungu alimnyima ndevu, akambana kimo, akamwachia kisura cha mtahiniwa wa kidato cha nne. Vijana wa mtaani, waliozaliwa yeye akiwa tayari ana ndoa, walimpita na "mambo vipi, mwana," naye akajibu "poa" huku roho inamuuma.

Mtu mwingine angechinja mbuzi kwa furaha. Mwanza hii ina wanaume wanaopaka piko mpaka kwenye nyusi ili waonekane vijana. Khalidi yeye alitaka shikamoo, tena ya watu baki, barabarani, mchana kweupe. Aliwahi kutembea na mkongojo. Watu wakampa pole, wakamuuliza ameumia kwenye mechi gani. Akanunua miwani, wakamuuliza anasoma chuo gani. Kumwambia mtu "niamkie, mimi ni mkubwa wako" hakuweza. Heshima ya kuomba, kwa maoni yake, ilikuwa sawa na kujipigia makofi mwenyewe.

Basi ikafika siku ya posa ya Hadiya, binti yake wa pekee. Mchumba, Yassin, alikuwa kijana wa Usagara, na wazee wa kwao walitazamiwa baada ya adhuhuri. Khalidi alishona kanzu mpya. Siku hiyo, alijiambia, hakuna ujanja: mtu akija kumposa mwanao, lazima akuheshimu. Alikuwa hajaivaa bado, yuko na fulana tu akifuta vumbi kwenye kochi la wageni, wazee watatu wakapiga hodi kabla ya wakati. Aliyetangulia alikuwa mshenga, Mzee Malimi, mtu mpana mwenye sauti ya kuhutubia hata akiwa chumbani.

"Hujambo, kijana," alisema Malimi. "Mzee Khalidi tumemkuta?"

Hapo ndipo angesema "ndiye mimi," mambo yakaisha. Mdomo ulifunguka. Ukasema, "Yupo, karibuni mkae."

"Vizuri. Hebu tuletee maji ya kunywa, tumetembea juani."

Akaenda. Jikoni mkewe, Safia, alikuwa anapalia pilau makaa.

"Wageni si wameshaingia? Wanamsubiri nani?"

"Wananisubiri mimi."

"Sasa wewe unafanya nini huku?"

"Wameniagiza maji."

"Nenda kawaambie wewe ni nani."

"Nitawaambia," alisema Khalidi, "wakishakunywa."

Wakanywa, asiseme. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, na wote wanne wakamsubiri Mzee Khalidi. Kila dakika iliyopita ilizidi kumfunga, maana sasa ingebidi aeleze na yale maji.

"Mzee wenu ana kiburi," Malimi alimwambia baada ya kungoja sana. "Ndivyo alivyo?"

"Hapana," Khalidi alijibu, ameumia kweli. "Ni mtu mzuri sana. Ila watu hawamjui."

"Mtu mzuri hawaachi wakwe na mtoto." Malimi akachukua kofia yake mezani. "Tumedharauliwa. Twendeni zetu, Yassin atapata kwingine."

Khalidi aliona ndoa ya mwanawe inatoka mlangoni pamoja na ile kofia. "Nakwenda kumwita," alisema, akatoka mbio.

Alikimbilia kwa jirani, Otuoma, fundi wa injini za boti, mtu wa Rorya. Otuoma alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, lakini tumbo lilikuwa limetangulia na mvi zilimwota tangu ujana. Mtaa mzima ulimwamkia.

"Mimi ni Mkristo, bwana Khalidi," alisema Otuoma alipoelezwa.

"Utakaa tu. Usiombe dua."

Otuoma hakuwa mtu wa kumnyima jirani kitu. Alipita mlango wa uani, akavikwa kanzu mpya ya Khalidi, ikamfika magotini, akasukumwa sebuleni. Malimi alinyanyuka mara moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Otuoma, laini kabisa, kwa mazoea ya miaka.

Wazee wengine wawili wakaamkia. Kisha chumba kizima kikanyamaza, na Khalidi, aliyekwisha kurudi kwenye kigoda chake, akahisi kimya kile kinamngoja yeye. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba, kijana," Otuoma alijibu, halafu akainamisha macho kwa aibu.

Malimi aliweka kofia chini, ameridhika. "Mzee, tuambie binti yetu ana mazoea gani, tumjue."

"Binti ni mzuri," alisema Otuoma. "Ana nguvu. Anakula samaki vizuri sana."

"Hali samaki," Khalidi alisema kutoka kwenye kigoda. "Tangu mwiba umkwame akiwa mdogo."

"Kweli, hali. Ila analala mapema."

"Halali mpaka asikie mlango umefungwa. Na radi ikipiga lazima mtu akae naye, hata sasa."

Malimi aligeuka polepole. "Mzee, huyu kijana ni nani humu ndani, mpaka ajue binti yako analalaje?"

Wazee wa Usagara walitazamana. Walichokuwa wanakifikiria kilionekana wazi usoni mwao, na hakikuwa cha ubaba.

"Ni fundi," alisema Otuoma akitokwa jasho. "Wa makochi."

Hapo ndipo kulipoharibika kabisa. Malimi aliinyooshea mkono kofia yake kwa mara ya pili, na Khalidi akafungua mdomo kusema ukweli, ukagoma tena. Nyuma ya pazia Safia alikuwa amesikia ya kutosha. Akamsukuma Hadiya aingie kusalimia.

Hadiya aliingia na mtandio wake, akamwona Otuoma ndani ya kanzu ya baba yake, akamwona baba yake na fulana kwenye kigoda. Aliwapita wazee, akampita Otuoma, akapiga goti mbele ya kigoda.

"Shikamoo, baba."

Malimi alimtazama Khalidi, akamtazama Otuoma. Akauliza kwa sauti ndogo, ambayo hata wenzake hawakujua kama anayo, "Mzee Khalidi ana miaka mingapi?"

"Hamsini na mitatu," Safia alijibu kutoka nyuma ya pazia.

Malimi alikuwa na arobaini na tisa. Alisimama, akainamisha mwili wake mpana wote. "Shikamoo, mzee," alisema, na wenzake wakafuata kwa unyenyekevu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto ya Khalidi miaka yote, imekuja yenyewe nyumbani kwake, tena tatu kwa mpigo. Hakuisikia. Alikuwa anamtazama Hadiya. Kila asubuhi mtoto huyu alimwamkia, naye akaitikia akiwa ameinama chini ya kitanda anatafuta kiatu, na hata siku moja hakuiweka kwenye hesabu, kwa kuwa ilikuwa ya nyumbani. Sasa watu hawa wamekuja kuihamishia Usagara.

"Marahaba, mwanangu," alisema hatimaye. Kisha akasema, "Mama, hebu toka nje, halafu uingie tena."

Hadiya alimtazama, akatoka. Akaingia, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Toka tena."

Malimi, bado ameinama akisubiri kuitikiwa, alimnong'oneza mwenzake kwamba bila shaka huo ndio utaratibu wa watu wa Igogo, wavumilie. Otuoma akaenda kulishika pazia ili bibi harusi asihangaike nalo. Hadiya aliingia kwa mara nyingine, machozi yanamlengalenga, akamkuta baba yake amekwisha kusimama, anautazama mlango, anaisubiri.