Mkono Usio na Mwenyewe kwenye Bango la Matanga

Mimi nilikuwa mtu wa kusema, tena mbele za watu, kwamba hakuna kitu kinachoweza kunishangaza katika dunia hii, kwa sababu nimepiga picha harusi ambayo bwana harusi alitoroka na ubatizo ambao mtoto alimuuma padri, na nimetoka kuuza mayai ya kuchemsha pale Keroka mpaka nikawa na studio yangu na nyumba ya mawe Masimba, bila cheti hata kimoja. (Darasa la tano niliingia, nilivyotoka tuache.) Basi aibu niliyopata upande wa Nyamira, mbele ya watu wasiopungua mia tatu na jeneza, naiandika mwenyewe kabla wengine hawajaiongezea chumvi, maana nimesikia kuna mahali wanasema nilizimia. Sikuzimia.

Ilianza hivi. Kazi ya kurekebisha picha kwenye kompyuta nilikuwa nampelekea kijana fulani mjini Kisii, na kila picha ananitoza pesa ya kununua kuku mzima, nikajiuliza, mimi na akili zangu hizi, kwa nini nilipe mtu wa kubonyeza vitu? Nikaenda kwa Mama Jaya, yule mama wa Kihindi ambaye familia yake imeniuzia karatasi na wino tangu enzi za filamu, nikamwambia nataka programu ya kurekebisha picha, iwe rahisi, ya mtu anayeanza. Akanionyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vingi mpaka nikaona kizunguzungu. Ya pili ilikuwa na vya kiasi. Ya tatu ilikuwa na vitano tu, vikubwa, vyenye picha ndogo juu yake, na mimi moyo ukaenda hapo hapo.

"Baba Moraa, chukua hii ya katikati," akasema. "Kila kitu unafanya mwenyewe, ukikosea unarudi nyuma hatua moja. Wiki tatu utakuwa umeizoea."

"Wiki tatu? Mama, wiki tatu mimi nafungua studio nyingine!"

"Hii ya mwisho inafanya kazi yenyewe. Wewe hutajua imefanya nini."

"Sasa kama inafanya yenyewe, mimi nijue ya nini?"

Alinitazama juu ya miwani yake, akaandika risiti. Nilitoka pale nikijiona nimemshinda.

Wiki hiyo hiyo ikaja kazi kubwa. Mzee Ogeto alikuwa amefariki, mtu wa majani chai mengi na wake wawili. Mke mkubwa ni Mama Ombati. Mke mdogo ni Mama Kerubo, ambaye watoto wa nyumba kubwa walikuwa wameanza kunong'ona, mzee hata hajazikwa, kwamba yule si mke, kwamba ng'ombe wa mahari hawakumalizwa, na kwamba ataondoka na nguo zake tu. Kila mtu kwetu anajua hayo yanamaanisha nini: ukikosa nafasi kando ya kaburi, hata shamba unalolima utaulizwa ulilipata wapi. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye ni mdogo wake marehemu, akaniletea picha moja kwenye simu, mzee ameketi kitini, mke mkubwa kando yake kwenye kiti, mke mdogo amesimama nyuma kidogo, mkono juu ya bega la mzee.

"Tumia hii kwa bango na kwa vijitabu," akaniambia. "Ndiyo pekee yenye wote wawili. Nyumba zote zionekane, kusiwe na maneno."

Nikamwambia, omogaka, yaani mzee wangu, hiyo kazi umeileta kwa mwenyewe.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri ila nyuma kulikuwa na mtungi wa maji wa manjano, kamba ya nguo na mbwa anayejikuna. Vitu vya kuaibisha familia. Nikafungua ile programu yangu, nikaona kitufe chenye alama ya ufagio, nikasema si huu ni ufagio, basi hapa ni kufagia, nikabonyeza. Mtungi ukaenda. Kamba ikaenda. Mbwa akaenda, na pale alipokuwa pakaota migomba. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikabonyeza kitufe chenye uso, mzee wa miaka themanini akatoka na ngozi laini kama mtoto aliyetoka kupakwa mafuta, na huo uso ndio nilioutazama, kwa sababu mimi nikipiga picha natazama uso wa anayelipiwa. Nikatuma ikachapishwe. Chini nikaweka jina langu na namba ya simu, herufi nono, zinaonekana hata kutoka barabarani.

Siku ya mazishi nilifika nimevaa suti. Vijitabu nikampa mwenyekiti kwenye boksi lake, bango likafungwa juu ya hema, likakunjuliwa, nami nikasimama chini yake nisubiri sifa.

Watu wakainua vichwa. Halafu mama mmoja wa kwaya akamwambia mwenzake, "Ee, huo mkono ni wa nani?"

"Mkono gani?"

"Huo kwenye bega la mzee."

"Ni wa malaika, amekuja kumchukua."

"Malaika gani anavaa bangili ya shaba?"

Nikainua macho. Ufagio ulikuwa umemfagia Mama Kerubo. Mzima, kichwa, kanga, miguu, na aliposimama pameota migomba kama kwa yule mbwa, isipokuwa mkono, umebaki juu ya bega la mzee umekatika pale kwenye kiwiko, na bangili yake. Nilihisi jasho linashuka mpaka ndani ya soksi.

Mama Kerubo alisimama kwenye benchi la nyuma alikokuwa amewekwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bangili ni yangu. Mimi mwenyewe niko wapi?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Watu wa kwao waliruka juu, wakasema nyumba kubwa wamemlipa mpiga picha amfute mke. Wengine wakasema ni uchawi. Mmoja akaanza kusoma namba yangu ya simu kwa sauti. Mwenyekiti akaita kwenye kipaza sauti, "Mwenye bango hili aje mbele, atwambie nani alimtuma!"

Nikiwa naelekea huko, Ombati, mtoto mkubwa wa nyumba kubwa, akanishika kiwiko. Alinong'ona kwa upole kabisa. "Baba Moraa, usihangaike. Sema picha ililetwa hivyo. Nani atakulaumu?"

Nisidanganye, nilifikiria. Hatua kama kumi hivi nilizipiga nikifikiria, kwa sababu neno hilo moja lingeniokoa mimi na studio yangu, na Mama Kerubo angebaki mkono.

Nilishika kipaza sauti. Kwa kawaida mimi nikikishika hakitoki. Siku hiyo nilisema maneno machache.

"Sikutumwa na mtu. Picha niliyopewa ina wake wawili, iko hapa kwenye simu, itazameni. Nilinunua programu rahisi ili nisijifunze. Nikabonyeza ufagio ufagie mbwa. Sikujua unafagia na watu."

Mtu akauliza kutoka nyuma, "Kwani hukusoma maandishi?"

"Ni Kiingereza. Niliishia darasa la tano."

Walicheka. Matangani, jeneza liko pale, watu walicheka mpaka pasta akainamia Biblia yake. Simu ikapita mkono kwa mkono, wazee wakaitazama wakitikisa vichwa, ikamfikia Mama Ombati, yule mke mkubwa. Akaitazama sana. Kisha akasogea kwenye kiti chake kirefu, akapiga-piga pale penye nafasi.

"Mama Kerubo, kuja hapa mbele," akasema. "Mimi siwezi kulia peke yangu siku nzima."

Ombati alitazama viatu vyake. Bango likashushwa, na kaburini udongo wa kwanza ulitupwa na mke mkubwa, wa pili ukatupwa na mke mdogo, kila mtu akiona.

Mimi sasa nasoma. Naenda Nyamira mara mbili kwa wiki kwa mwalimu ambaye ni rika la binti yangu, ananifundisha ile programu ya katikati, na kama na wewe unaanza nakwambia bure: weka kando picha ya asili usiiguse, chagua programu inayokuonyesha kabla na baada, na uhesabu watu kabla hujachapisha. Uhesabu na mikono. Kwangu mimi, ukijumlisha pesa niliyorudishia familia, bango jipya na vijitabu vipya nilivyowapelekea Mama Ombati na Mama Kerubo, masomo, na ile programu ya ufagio ambayo haikubali kurudishwa, somo hilo limenigharimu shilingi elfu ishirini na sita, mia nane na hamsini.