Kimya cha Mapigo Manne

Kuna wimbo wetu mmoja ambao Wakongo wote wa Johannesburg wanaujua, na Warundi pia, na hata watoto waliozaliwa hapa, wale ambao Kiswahili wanakisikia tu lakini kujibu wanajibu kwa Kizulu. Ukiimbwa, ukifika katikati, waimbaji wote wananyamaza. Wananyamaza mapigo manne, vichwa chini, mkono kifuani. Ukumbi mzima unanyamaza nao. Halafu wanaendelea.

Makundi yote ya vijana yameiga kimya hicho. Wanakiweka hata kwenye nyimbo zao wenyewe, za harusi, za msiba, za kukaribisha wageni. Nilimsikia pasta mmoja kijana akihubiri juu yake. Alisema, "Wapendwa, hicho ni kimya cha Mungu." Akina mama wakatoa vitambaa, wakalia.

Eish. Si kimya cha Mungu. Ni mimi. Nilikuwa kwenye hema, nyuma ya kituo cha polisi, sina viatu.

Shule niliachia darasa la nne, kule Uvira, na kuandika kunanichosha kuliko kuchoma chuma, ambayo ndiyo kazi yangu. Lakini nimesikia uongo mwingi. Nitasema nani alifanya nini. Majina siyaandiki, wenyewe wanajijua, na Jeppestown inawajua.

Tulikuwa wanne. Kanisa letu lilikuwa ndani ya karakana ya zamani Jeppestown, mnyororo wa kunyanyulia injini bado unaning'inia juu ya mimbari. Sauti ya kwanza alikuwa kinyozi, ndiye kiongozi wetu. Ya pili alikuwa fundi cherehani. Ya tatu, mlinzi wa ghala. Mimi besi, mchomaji wa milango na mageti. Piano hatukuwa nayo, gitaa la kanisa lilikuwa na nyuzi tatu, basi tuliimba kwa midomo mitupu. Kabla ya kila wimbo wote watatu walinigeukia. Mimi navuma kidogo chini, mdomo umefungwa, na kila mmoja anachukua sauti yake kutoka kwangu.

Kuimba bila chombo kuna ugonjwa wake. Sauti zinashuka. Mnaanza vizuri, mnamaliza mko chini, na nyinyi wenyewe hamjui. Mimi nilikuwa najua. Kwa hiyo kila wimbo ukiisha, makofi yakiwa bado yanapigwa, kiongozi aliniuliza bila kugeuza shingo, kwa pembe ya mdomo: "Tumeshuka?" Nikisema hapana, ndipo anacheka na watu. Nikisema ndiyo, hacheki mpaka mazoezi ya Jumanne.

Wimbo wenyewe ulianza kama wimbo wa kanisa. Watatu wanauliza, "Ulikuwa wapi nilipolia?" Mimi peke yangu, chini kabisa, najibu, "Nilikuwa mlangoni." Ni Mungu anajibu. Swali mara mbili, halafu jibu mara moja, katikati ya wimbo. Maneno ya swali ni ya kiongozi, sikatai. Jibu ni langu. Nililipata kazini, nikiwa nimeinamia bawaba.

Halafu fundi cherehani akaanza kutuletea kanda za soul za Wamarekani weusi, alizozikuta dukani kwa bosi wake. Kiongozi alisikiliza wiki nzima, kisha akasema, "Hawa watu wanamwimbia mwanamke kama wanaosali. Sisi kusali tunajua. Kinatuzuia nini?" Tukabadilisha maneno machache. Anayeulizwa "ulikuwa wapi" hakuwa tena Mungu, akawa mke aliyeondoka. Tukashonewa suti za bluu, kitambaa tulinunua kwa Wasomali wa Mayfair, tukasimama wanne kuzunguka maikrofoni moja. Pasta wetu wa wakati ule akatufukuza kwenye kwaya. Alisema tumeuza madhabahu kwa shetani. Huyo namtaja wa kwanza, kwa sababu miaka michache baadaye, wimbo ulipopendwa, alisimama mimbarini kwa kifua mbele: "Watoto wangu hawa, niliwalea mimi." Hakutulea. Alitutoa nje siku ya mvua, na kofia yangu ilibaki ndani.

Tukaimba kwenye harusi. Kila harusi watu wanasubiri lile jibu. Waume walikuwa wananiomba nilirudie wakiwa wamewashika wake zao mkono. Hiyo yote ilikuwa kabla hatujarekodi chochote. Kwa hiyo hakuna ushahidi. Waliosikia wamezeeka, au wamehamia Durban, au wamerudi nyumbani.

Studio ilipatikana Mei mwaka 2008. Nadhani mwezi huo hauhitaji maelezo kwa mtu wa hapa: ndio mwezi wageni tulipowindwa mitaani. Mimi nilikuwa nakaa Alexandra, chumba cha mabati. Watu walipoingia uchochoro wetu nilikimbilia kwa jirani, mtu wa hapa hapa, tulikuwa tunakula pamoja. Mlango wake wa chuma niliuchoma mimi kwa mikono yangu, kwa vipande vya chuma vya kazini. Niligonga. Nilisikia redio ndani ikizimwa. Hakufungua. Huyo namtaja wa pili. Mlango ulikuwa imara, najua kazi yangu, sikupoteza muda kuusukuma. Niliruka ukuta wa nyuma, viatu vikabaki, nikaishia kwenye mahema ya waliokimbia, nyuma ya kituo cha polisi.

Siku ya kurekodi ilifika nikiwa kwenye hema. Waliimba watatu. Mtu wa studio aliwaambia waache nafasi ya jibu langu, mapigo manne, nije niijaze baadaye. Hiyo ndiyo asili ya kile kimya. Ni nafasi iliyoachwa, kama kiti unachomwekea mtu aliyechelewa.

Siku ya tisa kiongozi akaja hemani.

"Yaya," akaniita, yaani kaka mkubwa, kama alivyoniita siku zote, maana nimemzidi miaka miwili. "Mungu mwema, uko mzima."

"Niko mzima. Umeleta mkate?"

Hakuleta mkate. Mkononi alikuwa na suti yangu ya bluu ndani ya nailoni, imepigwa pasi.

"Hiyo ya nini?"

"Ya picha. Studio wametupa saa moja leo. Mstari mmoja tu, yaya, mara mbili, unatoka. Taxi iko nje."

"Nina siku tisa hapa."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

Akaangalia chini. "Tangu ya pili. Lakini walisema barabara ni mbaya."

"Na leo barabara imepona?"

Watu wa hema la pembeni walicheka. Hakupenda.

"Omba msamaha kwanza," nikamwambia, "halafu nitavaa."

"Nitakuomba tukitoka studio. Dereva anapiga honi, unamsikia?"

"Basi mwambie aende."

Akaenda. Akaenda na suti. Sikuamini mpaka nilipoona nailoni ile ikipita getini. Nilifikiri atarudi kesho yake. Nilinawa uso asubuhi, nikakaa mahali anapoweza kuniona.

Hakurudi. Wimbo ukatoka ukiwa na shimo. Na watu wakapenda shimo. Mke aliyeondoka anaulizwa alikuwa wapi, na hajibu: kila mtu aliyefiwa, aliyeachwa, aliyepoteza ndugu Mei ile, aliingia mle ndani akakaa. Naelewa. Mimi mwenyewe nilipousikia mara ya kwanza, kwenye spaza moja, kiduka cha mtaani, nilisimama nikausikiliza mpaka mwisho kabla ya hasira kufika.

Watatu walizunguka. Cape Town, Maputo, Lusaka. Vijana wakaanza kuvaa bluu. Fundi cherehani na mlinzi walinitumia salamu, salamu tu. Mimi nikarudi kwenye mageti.

Mwaka huu nikasikia kwaya tano za vijana zimepanga kuwaheshimu wale watatu, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kanisa Jeppestown. Koo langu limeanza kukauka, moshi wa kuchomea si maziwa. Nikajiambia, kabla besi haijaisha, jibu langu liimbwe mara moja mbele za watu, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Sikutaka kingine. Hata msamaha nilikuwa nimeuweka pembeni.

Nikaenda kwenye saluni ya kiongozi, nikamwomba hivyo. Ana saluni mbili sasa. Alikuwa anamnyoa mtu, hakuzima mashine.

"Yaya, pale kwenye kimya watu wanalia," akasema. "Ukiingia na besi watalia nini?"

"Ule ni mstari wangu."

"Ulikuwa wako."

"Ulitungwa kwa koo hili."

"Uliitwa, yaya. Nilikuja mwenyewe mpaka hemani. Ukakataa."

Hapo hakusema uongo, na hilo ndilo linalonikera kuliko uongo wake wote. Mteja akanitazama kwenye kioo, povu sikioni.

"Njoo Jumapili," akasema. "Tutaona."

"Tutaona" ya Mkongo ni hapana iliyovaa tai. Lakini nilikwenda. Nilipiga pasi shati.

Ukumbi ulijaa. Nilipata kiti nyuma, karibu na mama mmoja wa Bukavu aliyebeba mjukuu. Kwaya tano ziliimba, zote zilinyamaza mapigo manne, zote zikaanza tena chini kuliko zilipoacha. Zote! Hakuna aliyeona. Kisha wakapanda watatu, suti mpya, matumbo mapya, simu mia zikanyanyuliwa. Kiongozi alitazama watu kutoka kushoto mpaka kulia. Aliniona. Macho yalisimama kwangu kidogo, kisha yakaenda zake.

"Ulikuwa wapi nilipolia?"

Wakainamisha vichwa. Ukumbi ukanyamaza. Nikasimama.

"Nilikuwa mlangoni."

Sauti haikuwa ya zamani, ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa mahali pake. Ilikaa chini ya kile kimya kama jiwe la msingi. Nilisikia mwenyewe. Sijui kama kuna mwingine aliyesikia, kwa sababu yule mama wa Bukavu alinivuta shati.

"Papa! Hapa tunanyamazaka!"

Watu wakageuka. "Shii!" Binti mwenye fulana ya waandaaji akaja mbio, anainama chini ya simu za watu. "Sorry, Baba, please, ni video, tuko live."

"Mimi ndiye wa nne," nikamwambia.

"Sharp, Baba, sharp. Kaa tu."

Watatu walikuwa wameacha kuimba. Nikamtazama kiongozi. Maikrofoni iko mkononi mwake, neno moja lingetosha: huyu ni besi wetu. Alilamba midomo.

"Wapendwa," akasema, "mzee wetu pale nyuma ameguswa na Roho. Tumpigie makofi."

Wakapiga makofi. Wakanipigia mimi, mzee aliyeguswa. Mama wa Bukavu akanisamehe, akanipa peremende ya mjukuu wake.

"Kwa sababu ya video, tutarudia," akasema kiongozi.

Wakarudia. Mara ya pili nilikaa, peremende mdomoni, mikono magotini. Kimya kilipofika nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nilikuwa ndani yake kama kila mtu. Walipoingia tena walikuwa wameshuka, kama vijana wao, na vijana wao wamejifunza kwao. Lile jibu ndilo lililokuwa linawashika. Ukiondoa nguzo, paa halianguki siku hiyo, linalala kidogo kidogo. Makofi yalikuwa makubwa mno.

Nilitoka kabla ya chakula. Kwenye ngazi nikasikia viatu nyuma yangu, viatu vya ngozi, vya mtu mzito. Kiongozi alinifikia, akasimama pembeni yangu, anatazama mbele, barabarani, kwenye robot, zile taa za magari. Nikasema moyoni, sasa. Sasa analisema neno la msamaha.

Bila kugeuza shingo, kwa pembe ya mdomo, akauliza:

"Tumeshuka?"

"Nusu ya sauti," nikasema.

"Mwanzoni?"

"Baada ya kimya. Wa tatu ndiye anawavuta, anaingia kabla hajapata sauti yake. Mwambieni asubiri."

Akaitikia kwa kichwa, uso umekunjamana vile vile kama zamani. Mlangoni binti mwenye fulana akamwita, "Papa, njoo, picha!" Akageuka, akapanda ngazi. Hakusema njoo nawe.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, najitukana njia nzima. Miaka yote hii namngoja mtu yule aniombe msamaha. Akaniuliza swali la kazi, na mimi, mjinga, nikamjibu vizuri.