Nilivyotangaza Kuwa Tangi la Mama Ni Tupu

Nilimtengenezea mama, kule Ikutha, kikompyuta cha kupima maji ya tangi. Kumbukumbu ya kikompyuta hicho ni ndogo, kwa hivyo nikatumia maktaba nyepesi ya lugha ya C, yaani kodi za programu zilizokwisha kuandikwa, ile ya bure, nikajisifu kwa kanisa zima.

Siku ya maonyesho, kina mama wakiwa wamejaa uani, simu yangu ikaonyesha ujumbe wa kikompyuta: “Maji: mita”. Namba haikuwepo. Mimi, fundi mzima, nikatangaza tangi ni tupu. Wakabeba mitungi waende mtoni kuchimba maji mchangani.

Ndipo nikakumbuka: maktaba ile haiandiki namba zenye desimali mpaka uiombe. Sikuiomba.

Kabla sijakiri, mama aligonga tangi kwa ngumi, akasikiliza.

“Rudini! Tangi imejaa. Msameheni kijana yangu, amesoma sana.”