Miguu ya Mkandaji

Mji mzima wa Mbwajumali ulikuwa umepita mikononi mwa Bi Radhiya, na anayebisha na aseme nani alimkanda mamake. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyeitwa kumkanda kila asubuhi mpaka arobaini yake iishe. Mtoto akichelewa kutambaa, aliletwa kwake. Wanawake wakirudi shambani viuno vimekaza, walipitia kwake kabla hata ya kufika makwao, kana kwamba ukumbi wake ulikuwa kisima cha mji.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakugusa mgongo wala tumbo kabla ya nyayo. Alimlaza mtu mkekani, akaipakata miguu yake, akaipaka mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kisha akakididimiza kidole gumba katikati ya wayo na kutulia hapo. Hata mtu akija analalamika kichwa, Bi Radhiya alianzia miguuni. "Mti hautiliwi maji majanini," alikuwa akisema. Wengine walipitiwa na usingizi papo hapo, wakamkoromea mapajani, naye akawaacha.

Akimaliza, alikung'uta mikono kuelekea mlangoni na kuiosha kwa maji ya chumvi, kwa sababu kila mtu pale alijua kuwa uchovu na maradhi ya anayekandwa humhamia mkandaji. Chumvi hupunguza, haimalizi. Kwa hivyo mkandaji mwenyewe hakandwi. Atakayeigusa miguu yake amejichotea maumivu ya mji mzima. Bi Radhiya aliipokea mila hiyo kwa mamake pamoja na bakuli la mafuta, na katika ujana wake haikumsumbua, maana miguu haikuwa ikimuuma.

Kisha ikaanza kumuuma. Huo ulikuwa mwaka ambao bendera mpya ilikuwa bado haijapauka kwenye mlingoti wa chifu. Vilianza visigino, vikafuata vifundo, vikafura hata akawa anasali ameketi, jambo lililomchoma kuliko maumivu yenyewe. Alijaribu kujikanda. Lakini mgongo ulikuwa umeshakuwa mgumu, tumbo liko katikati, na mkono ulifika penye maumivu kwa ncha za vidole tu. Tena mtu akijikanda mwenyewe hupaonea huruma panapouma, akapapita. Alihitaji mkono wa mtu mwingine. Basi, hilo tu. Hakutaka dhahabu.

Alianza nyumbani, kwa Ummu, mke wa mwanawe Jamaludin.

"Ummu, ndoo hapa unishike miguu kidogo."

Ummu alikuwa na mtoto kifuani. Akayatupa mato pembeni, asimtazame. "Mama, mimi nanyonyesha. Nikipata kitu, kitamwingia mwana."

"Na huyo mwana alipozaliwa, nani aliyekuegemeza ukutani ukaweza kuketi?"

"Ni wewe, Mama. Sikatai."

Hakukataa, lakini hakuusogeza mkono pia. Akaenda kumpashia maji ya moto, akayaweka mbali kidogo na miguu yenyewe, akarudi nyuma. Marehemu mumewe Bi Radhiya, Mungu amrehemu, naye alikuwa vivyo hivyo: maji ya moto tele, mkono hapana.

Akaenda kwa wifi yake, Barka, mke wa kaka yake, ambaye kiuno chake alikuwa amekinyoosha mara zisizo na idadi. Barka akamkaribisha, akamtilia kahawa, akatia na haluwa. Alipotajiwa miguu, akacheka kwa aibu. "Ah, wifi yangu. Kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi," Bi Radhiya akajibu, "lakini hunyolewa. Umewahi kumuona kinyozi mwenye nywele mpaka magotini?"

Barka akamwongeza kahawa. Bi Radhiya akaiacha ipoe, akaondoka zake. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hukugusa.

Jamaludin, kwa kuona haya, alimpandisha mamake punda akampeleka dispensari. Pale palikuwa na bwana mmoja wa bara, Wafula, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Aliitazama miguu, akampa vidonge vyeupe, akamwambia asisimame sana. "Na jioni, Mama, mwambie mtu wa nyumbani akukandekande na mafuta. Hiyo itakusaidia kuliko hizi dawa zangu."

Bi Radhiya alimkodolea mato. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kile kilimtisha Jamaludin kuliko kilio. Mtu wa mbali, asiyejua hata ndia ya kwendea kisima cha mji, ndiye aliyemwambia kwamba yeye pia anafaa kukandwa. Alipofika nyumbani alilifunika bakuli la mafuta kwa kawa, akaliweka juu ya rafu.

"Simkandi mtu," akatangaza, na akahakikisha sauti inafika kwa majirani. "Mpaka mtu anikande mimi. Mumenifanya kitambaa cha kufutia miguu. Hata kitambaa hufuliwa."

Mji ukadhani ni hasira za siku moja. Wanawake wakaja na viuno vyao, wakamkuta ameketi ukumbini anasuka ukili, miguu ameinyoosha mbele yao. Walisalimu, wakaiangalia ile miguu, wakakumbuka kuwa wameacha chungu motoni. Subhanallahi, siku hizo vyungu vya Mbwajumali viliungua vingi sana.

Ndipo Swafiya, binti yake Barka, akajifungua. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na uzazi ulikuwa mzito. Barka alikuja mbio, leso imemwanguka mabegani. "Wifi, mtoto mzima, lakini mwenyewe hawezi hata kujigeuza. Wende ukamshike, kwa jina la Mungu."

Bi Radhiya alimpenda Swafiya. Alilishusha bakuli, akaenda anachechemea, Ummu nyuma yake na mtoto wake. Lakini hasira alikwenda nayo. Chumba kilijaa jamaa. Akaketi mkekani kando ya kitanda cha mzazi, akainyoosha miguu yake iliyofura, akalisukuma bakuli mbele.

"Haya. Kwanza mimi."

Akawanyoshea kidole mmoja mmoja.

"Wewe nilikukanda. Na wewe. Wewe nilikushika miguu siku ya kuzaliwa kwako, mamako akiwa amezimia. Mnasema maradhi yenu yamo humu ndani. Ni yenu, si yangu. Basi njooni mchukue kila mtu lake."

Wakainamisha vichwa. Barka alikuwa akilia, na hata machozi yale yalimuudhi Bi Radhiya, kwa sababu hayakumpunguzia kitu.

Kitanda kikalia. Swafiya alikuwa amejiinua kwa viwiko, uso umemkauka, mguu mmoja tayari unatafuta sakafu. "Nitakukanda mimi, shangazi," akasema. "Niacheni niteremke."

Bi Radhiya alikuwa mtu wa kwanza kuruka. Aliivuta miguu yake akaifunika gubigubi kwa buibui. "Rudi kitandani. Una wazimu? Mzazi mbichi namna hiyo, wataka maradhi ya mji mzima yakuingie?" Na aliposikia maneno yake mwenyewe, akatambua kuwa hata yeye aliiamini mila ile. Kumbe angeishi hivyo mpaka kaburini, na mkono wa kwanza kuigusa miguu yake ungekuwa wa mwosha maiti. Hilo halikuwa haki, na hakuwa na wa kumshitakia. Akapiga magoti kwa tabu kando ya kitanda, akaushika wayo wa Swafiya, akaanza kazi.

Nyuma yake, Ummu alimtoa mtoto titini. Mtoto akalia. Ummu akamtia mikononi mwa Barka, akachovya vidole katika bakuli la mafuta, akaketi.

Bi Radhiya alisikia buibui likifunuliwa, kisha mafuta kwenye kisigino, kisha vidole. Mikono yake ikasimama juu ya mguu wa Swafiya. Chumba kizima kilimtazama, naye hakugeuka, asije akaonekana uso.

"Kidole gumba, Ummu," akasema kwa ukali, sauti ikimpasuka. "Tia nguvu. Siku zote hizi nawangoja, na sasa wewe wanipapasa kama mtu achaguae samaki."